Kabla ya Kufunga Banzi: Tuupige Mfupa Picha



Maembe yakianza kuiva huku kwetu Chara, msimu wa mikono iliyovunjika nao huwa umewadia. Watoto wakitoka madrasa hupanda miembe, tawi hukatika, na mtoto huanguka ametanguliza kiganja. Mabishano nyumbani huanza papo hapo: bibi ataka aitwe mzee aungaye mifupa, baba ataka pikipiki ya kwenda Garsen, na mama amempakata mtoto asijue amsikize nani.

Hatuandiki haya kuwavunjia heshima wazee wetu. Wapo wanaoijua kazi yao, na mivunjiko mingi iliyo myepesi imepona mikononi mwao. Hata hivyo, mwenye uzoefu wa miaka hamsini bado huupapasa mfupa kutoka nje ya ngozi, na pahali palipofura hapapapasiki vizuri.

Kuuona mfupa bila kuupasua mwili kuliwezekana tangu tarehe 8 Novemba 1895, pale Wilhelm Conrad Röntgen, mwanafizikia wa mji wa Würzburg nchini Ujerumani, alipoigundua mionzi ya eksirei. Wiki chache baadaye aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, na pete ikaonekana juu ya mfupa wa kidole. Mionzi hiyo hupenya nyama kwa wepesi, lakini mfupa, kwa sababu ya chokaa iliyomo, huizuia. Ndiyo sababu pichani mfupa huwa mweupe, nyama kijivu, na mapafu yaliyojaa hewa huwa meusi.

Mvunjiko unaotutia hofu zaidi kwa watoto ni ule wa juu kidogo ya kisugudi. Hapo mshipa mkubwa wa damu na neva hupita karibu kabisa na mfupa, na kipande kilichosogea chaweza kuibana. Mkono huo ukifungwa mabanzi kwa nguvu, uvimbe hukosa pa kwendea, damu haifiki vidoleni, na kwa muda wa saa chache tu misuli huanza kufa. Mtoto aweza kuishi na vidole vilivyokunjamana maisha yake yote, au mkono ukakatwa. Picha iliyopigwa pande mbili, mbele na ubavuni, humwonyesha daktari kipande kimesogea wapi, na kama plasta yatosha au pana haja ya upasuaji. Pia huonyesha ufa ulio karibu na ncha ya mfupa, pale mtoto anapokulia. Ufa huo ukipuuzwa, mkono waweza kukua kombo.

Kwa hiyo, mtoto akianguka, tuutegemeze mkono kwa kitambaa kama ulivyo, bila kuukanda wala kuuvuta, kisha tuondoke. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au mtoto akilia anaponyooshwa vidole, tusingoje asubuhi. Twajua safari si nyepesi: Malindi peke yake iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Basi mmoja wetu atangulie kupiga simu aulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo.

Mashine hiyo hiyo huchunguza kifua. Uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 uliwapiga watu picha za kifua pamoja na kuwauliza dalili, na ukakadiria wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Baadhi yao hawakulalamika kikohozi chochote. Picha ndiyo iliyowafichua. Picha hutia shaka tu, kisha makohozi hupimwa kuthibitisha. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na aghalabu hunywewa kwa miezi sita.

Wapo waiogopao mionzi. Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi isiyozidi ile aipatayo kwa siku kama kumi kutoka ardhini na angani. Kipimo cha CT hutoa mingi zaidi, na hakifai kuombwa bila sababu. Mwanamke mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, amweleze mpigaji picha kabla ya kuingia chumbani, hata kama mama mkwe amesimama kando. Haya hiyo tuivumilie.

Akina mama hutuuliza pia kuhusu stara. Yafaa kuomba mpigaji picha wa kike au kuandamana na mahramu, na kwa kawaida hutolewa joho la kuvaa. Kinachotakiwa kuvuliwa ni chuma: pini za ushungi, mkufu, na hirizi yenye kikasha cha bati, ambayo hutokea pichani kama doa jeupe na kuficha kilicho nyuma yake. Ama katika Ramadhani, picha ya kawaida haiingizi kitu tumboni. Bali ukiambiwa unywe dawa nyeupe ya kuchunguza koo au tumbo, huko ni kunywa, na siku hiyo italipwa.

Picha ikishatolewa, tusiitupe, kwani daktari atakayemwona mtoto baada ya wiki kadhaa atataka kulinganisha ya kwanza na ya pili. Tuihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vyema, juu ya dari, mahali ambapo maji ya Tana hayafiki.