Joto Ndani, Moto Nje

Moto, joto na kuota ni maneno ya ukoo mmoja. Yeyote aliyewahi kuchambua maneno ya Kibantu anajua kwamba mzizi uliozaa neno moto ndio uliozaa joto, na ndio unaosikika tunaposema kuwa wazee wameketi wakiota moto. Lugha zetu zilikulia penye mafiga matatu, moshi ukijipenyeza katika nyasi za paa, na hazikuona haja ya kuvitenga vitu hivi viwili. Aliyetaka joto aliusogelea moto. Ukoo huo wa maneno una hekima yake. Lakini pia una mtego. Ningependa tuutazame mtego wenyewe kwa mfano wa mbali kidogo: namna ya kuchagua na kufunga hita ya gesi katika gari lililogeuzwa nyumba.

Huko Uingereza, Ujerumani na kwingineko Ulaya, watu wengi hununua gari la mizigo, wakalitia kitanda, meko na kabati, wakasafiri nalo masika na kipupwe. Gari la namna hiyo lina hewa ya takriban mita 10 za ujazo tu, yaani nusu ya hewa iliyomo katika chumba cha mita 3 kwa 3. Nje kuna theluji. Ndani wamelala watu wawili, milango na madirisha yamefungwa. Katika sanduku hilo la bati ndimo mtu anamotaka kuwasha moto usiku kucha. Je, atafanyaje asiamke maiti?

Jambo la kwanza ni kuchagua aina ya hita, na hapa zipo koo mbili. Upo ukoo wa hita zilizo wazi, ambazo huwaka ndani kwa ndani, zikivuta hewa ile ile anayoivuta mwenye nyumba na kumrudishia masazo ya moto. Hizi ni rahisi kwa bei, hazihitaji fundi, na hubebwa kwa mkono. Upo pia ukoo wa hita zilizofungwa. Hizi huvuta hewa ya kuwakia kutoka nje kwa bomba moja na kuitoa nje kwa dohani, huku hewa ya chumbani ikipita pembeni mwa chuma chenye moto bila kuchanganyika kamwe na ndimi zake. Kinachoingia chumbani ni joto. Moto wenyewe, kwa hesabu ya hewa, uko nje.

Hita ya wazi haifai kwa chumba cha kulala, na sababu ni tatu. Kwanza, hula oksijeni. Pili, huzaa maji: kanuni za kemia zatwambia kwamba kilo 1 ya propani ikiungua hutoa kilo 1.6 za mvuke wa maji. Mvuke huo hugeuka matone kwenye bati baridi, ukalowesha godoro na kuozesha mbao. Tatu, na hii ndiyo sababu ya mauti, moto unaokosa hewa ya kutosha hauunguzi mafuta yake sawasawa, bali hutoa kaboni monoksaidi.

Tuna methali isemayo kwamba pafukapo moshi pana moto. Ni methali nzuri ya kuwafunza vijana kusoma dalili. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Himoglobini ya damu huikumbatia kwa nguvu inayoipita ile ya kuikumbatia oksijeni mara 200 na zaidi, hivi kwamba mtu huvuta pumzi kama kawaida ilhali viungo vyake vinakufa kwa njaa ya hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Na nani asiyedhani kuwa hayo ni uchovu wa safari au homa? Aliyelala haoni hata dalili hizo. Baadhi ya hita za kubebeka huwa na kifaa cha kuuzima moto oksijeni ipungupo. Kifaa hicho si haba, lakini hakipimi kaboni monoksaidi, na ni kosa kukitegemea kana kwamba kinaipima.

Akishachagua hita iliyofungwa, mnunuzi hutazama ukubwa. Gari dogo lililohamiwa vizuri kuta na sakafu hutoshelezwa na hita ya kilowati 2 hivi. Makubwa hutiwa za kilowati 4 au 6. Haifai kununua kubwa kwa tamaa, kwani hita inayozidi mahitaji huwaka na kuzima kila mara, ikisumbua betri na usingizi. Kilo 1 ya propani hutoa karibu kilowati-saa 12.8 za joto. Kwa hiyo hita ya kilowati 2 ikiwaka bila kupumzika hutumia takriban gramu 150 kwa saa, na mtungi wa kilo 6, ambao msomaji wa Kenya anaujua vizuri, huisha baada ya saa 40 hivi. Aidha gesi yenyewe huchaguliwa. Butani huacha kuwa mvuke joto likaribiapo sufuri, hata mtungi ukawa umejaa na hita isiwake. Propani huendelea kufuka hadi nyuzi 42 chini ya sufuri, ndiyo maana wasafiri wa kipupwe huitumia hiyo.

Sasa tuje kwenye kufunga. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: propani huizidi hewa mara moja na nusu, na butani mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikaenda zake, bali huteremka na kutuama sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi husimamishwa wima katika kabati lake lililozibwa kabisa upande wa chumba, lenye tundu chini la kuimwaga gesi nje. Sakafu ya gari nayo hutobolewa matundu ya namna hiyo. Usiku wa upepo mkali, mtu hushawishika kuyaziba kwa kitambaa. Asithubutu!

Kidhibiti cha presha lazima kilingane na hita. Magari mapya ya Ulaya hutumia milibari 30, ilhali mengi ya zamani ya Ujerumani yalifungwa kwa milibari 50, na kuchanganya viwili hivyo ni kuharibu kifaa na kukaribisha hatari. Viungo vya mabomba hupakwa povu la sabuni ili uvujaji ujionyeshe kwa mapovu. Kamwe havijaribiwi kwa njiti ya kiberiti. Dohani huwa ya chuma kisichoshika kutu, hukazwa isitikisike barabarani, na mdomo wake huwekwa mbali na dirisha lifunguliwalo, mahali ambapo theluji au matope hayawezi kuuziba. Pale dohani inapopenya sakafu, upenyo wote huzibwa, la sivyo moshi uliofukuzwa mlangoni utarudi kwa tundu la panya.

Fauka ya hayo, zipo sheria. Kanuni Nambari 122 ya Umoja wa Mataifa huhusu mifumo ya joto ndani ya magari, na hudai kwamba hita ya gesi inayotumiwa gari likiwa mwendoni iwe na kifaa cha kuikata gesi bomba likivunjika. Ujerumani ina utaratibu uitwao G 607, ambao huitaka mitambo ya gesi katika magari haya ikaguliwe kila baada ya miaka 2. Kwa jumla, mwenye gari anaweza kupiga mbao na kupaka rangi apendavyo, lakini kazi ya gesi humwachia fundi aliyeidhinishwa. Mwisho, hutundikwa king'ora cha kaboni monoksaidi kilichotengenezwa kwa ajili ya magari na mashua. Kwa vipimo vya Ulaya hivyo huandikwa EN 50291-2. King'ora nacho huzeeka, na tarehe ya kukibadilisha huwa imechapishwa juu yake.

Pengine mwalimu mmoja ataniuliza: haya yanatuhusu nini sisi, ambao hatuna theluji wala magari ya kulala? Yanatuhusu sana. Mtu wa Limuru, Kinangop au Nyahururu anaijua baridi ya Julai. Jiko la makaa likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, huwa ndiyo ile hita ya wazi niliyoisema, tena mbaya zaidi, maana makaa yanapowaka taratibu bila moshi ndipo yanapotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Methali yetu hapo inatupoteza: mpishi husubiri moshi uishe nje, makaa yawe mekundu, kisha huliingiza jiko akiamini hatari imeondoka. Habari za familia zilizolala hivyo na zisiamke si ngeni katika magazeti yetu.

Lugha ina sehemu yake katika msiba huu. Neno gesi tumelibebesha mizigo mingi mno: ni fueli, ni mtungi, ni meko, na ni hewa yoyote ya sumu. Mtu aliyefunzwa kwamba gesi ni hatari ikinuka hukaa kwa utulivu pasiponuka. Ukweli ni kwamba tuna maadui wawili. Mmoja huvuja, hunuka kwa sababu ametiwa harufu kiwandani, hutuama chini na hulipuka. Mwingine huzaliwa na moto wenyewe, hana harufu, huchanganyika na hewa ya chumba chote na huua kimya. Tahadhari za huyu hazimzuii yule. Maadamu wote wawili tunawaita kwa jina moja, tutaendelea kumwekea mlinzi mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi.

Kwa hivyo, walimu wa Kiswahili wasidhani kwamba hili ni shauri la wenzao wa fizikia na kemia peke yao. Insha za maelekezo zimo katika ufundishaji wetu. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aeleze kila mwaka jinsi ya kupika chai, na aeleze jinsi ya kukipasha joto chumba bila kumwua alalaye. Wanaoingiza majiko na hita nchini nao wadaiwe maelezo ya Kiswahili sanifu, yanayotaja adui gani azuiwe kwa kifaa gani. Na mwanafunzi unayesoma haya bwenini au katika chumba cha kupanga, usiku wa leo kabla ya kulala, litoe jiko nje. Blanketi la pili halijamwua mtu.