Mlio Mmoja, Kisha Ndizi

Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Shirika la APOPO, ambalo chimbuko lake ni Ubelgiji, lilihamia hapo mwaka 2000, na panya waliofuzu wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Aliyevuma kuliko wote, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Wengi wakisikia habari hizi hustaajabia pua. Pua ni kali kweli, lakini panya wa porini anayo ileile na hana haja yoyote na baruti. La kustaajabisha zaidi ni namna anavyofundishwa, kwani ndani yake mna jambo ambalo wazazi na walimu wengi hulielewa kinyume: malipo hayafundishi kwa utamu wake, hufundisha kwa habari yanayoleta.

Panya akiwa bado mchanga huzoeshwa kelele na mikono ya watu. Kisha husikilizishwa mlio mfupi wa kidude cha mkononi, na papo hapo hupewa chakula, tuseme kipande cha ndizi. Mlio na ndizi vikiandamana mara nyingi, mlio peke yake humfanya akitarajie chakula, kama mbwa wa Mrusi Ivan Pavlov waliodondokwa na mate kabla ya kulishwa. Hapo ndipo sharti linapoongezwa: mlio haupatikani bure tena, mpaka panya atulize pua juu ya harufu inayotakiwa. Akitulia juu ya harufu nyingine, kimya. Hachapwi. Kazi hii huchukua miezi tisa hivi, na siri yake kubwa ni wakati. Ndizi huchelewa, kwa sababu mnyama lazima aifuate kwa mkufunzi, na njiani huwa amekwisha kujikuna, kugeuka na kunusa vitu vingine. Mlio ndio unaomweleza ni tendo lipi kati ya hayo yote lililolipwa.

Atatokea mtu aseme kwamba hii ni hongo tu iliyopewa jina la kisayansi. Ingekuwa hongo, chakula kingi na marudio mengi vingetosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Leon Kamin alionyesha kwamba havitoshi. Aliwazoesha panya kwamba kelele fulani hufuatwa na mshtuko wa umeme. Walipokwisha kulijua hilo, akaongeza taa iwake pamoja na kelele, mshtuko ukifuata vilevile. Baadaye, taa ilipowashwa peke yake, panya hawakuonyesha hofu ya kutajwa. Taa iliandamana na mshtuko mara kadhaa, ila haikuwaambia lolote ambalo kelele haikuwa imekwisha kuwaambia. Miongo kadhaa baadaye mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali iitwayo dopamini, akakuta kwamba zinachangamka kwa malipo yasiyotarajiwa; malipo yakishatabirika, zinachangamkia ishara inayoyatangulia. Ndiyo maana sifa inayomwagwa kwa kila jibu, sahihi na kosa, haimfunzi mtoto kitu. Maabara ya Morogoro inalijua hilo. Makohozi ambayo hali yake haijathibitishwa hayamletei panya malipo, maana mlio wa uongo ungeharibu kazi ya miezi. Huchanganywa na mengine yanayojulikana kuwa na vimelea, na kwa hayo tu ndipo analipwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba binadamu hujifunza mengi kwa kutazama tu, bila ndizi wala mshtuko. Ni kweli, na hili halihitaji kubishaniwa. Mwaka 1965 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto 66 filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Kundi moja liliona mtu huyo akitunukiwa mwishoni, jingine likamwona akiadhibiwa, la tatu halikuona matokeo yoyote. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wengine, na ungeweza kufikiri kwamba hawakushika kitu. Lakini watoto walipoahidiwa zawadi kwa kila tendo watakaloweza kurudia, tofauti kati ya makundi ilifutika. Wote walikuwa wamejifunza kiasi kilekile. Adhabu ilizuia tendo tu. Nadhani jaribio hili linaunga mkono hoja yangu badala ya kuivunja. Mtoto alikuwa amekusanya habari mbili, namna ya kupiga na linalompata anayepiga, na hiyo ya pili ndiyo iliyoamua lini aitumie ya kwanza.

Fimbo nayo ni habari, na wanaoitetea wana haki ya kusema kwamba hufika haraka. Tanzania Bara bado viboko vinaruhusiwa kisheria shuleni. Tatizo ni uchache wa inachosema. Humwambia mwanafunzi kwamba jibu lile si sahihi, hali majibu mengine kumi yasiyo sahihi yangalipo, na haionyeshi lililo sahihi. Isitoshe, ishara inayotabiri maumivu vizuri kuliko zote darasani ni mwalimu mwenyewe, kwa hiyo anachojifunza kwanza ni kumkwepa. Husemwa kwamba wengi walichapwa na wakafaulu. Sawa, lakini darasani mwao palikuwapo pia mwalimu aliyesahihisha daftari siku ileile na kueleza kosa lilipo, na mwenye kuisifu fimbo hajatuonyesha ni kipi kati ya fimbo na masahihisho hayo kilichofundisha. Kwa Bandura tunajua kwamba aliyekaa dawati la pembeni, ambaye hakuguswa, naye amejifunza kupiga.