Je, Wajua? Bahari Zilizojificha Chini ya Barafu

Je, wajua kwamba Europa, mwezi wa Mshtarii ulio mdogo kuliko mwezi wetu, unakadiriwa kuwa na maji ya chumvi maradufu ya bahari zote za dunia? Yamefunikwa na ganda la barafu lenye unene wa kilomita kadhaa.

Nani kayaona? Hakuna. Chombo Galileo, kilichokuwa huko kuanzia 1995 hadi 2003, kilipima usumaku na kukuta dalili za kitu kinachopitisha umeme chini ya barafu. Maji ya chumvi hupitisha umeme.

Je, wajua joto linalozuia maji hayo yasigande halitoki kwenye jua? Europa humaliza mzunguko kwa siku tatu na nusu, mara ukiisogelea sayari, mara ukijitenga nayo kidogo, na mvutano wa Mshtarii huuminya na kuuachia bila kupumzika. Kunja na kunjua waya harakaharaka, kisha gusa pale ulipokunjika: pana joto, vivyo hivyo ndani ya Europa.

Enceladus wa sayari ya Zohali, nao pia wenye bahari chini ya barafu, ni kijimwezi tu, upana wake kilomita 504. Lakini mwaka 2005 chombo Cassini kiligundua kuwa unarusha mvuke na chembe za barafu angani kupitia nyufa za ncha yake ya kusini! Cassini kilipenya katikati ya mvuke huo, kikakuta chumvi, haidrojeni na kemikali za kaboni. Mwaka 2023 wanasayansi wakatangaza kuwa takwimu zake zinaonyesha fosforasi pia, madini yaliyomo hata katika mifupa yetu. Chombo chenyewe kilikuwa kimeshateketea tangu 2017.

Na hili ndilo nilipendalo: majina ya maeneo ya Enceladus yametoka katika Alfu Lela Ulela. Kuna mashimo yaitwayo Aladdin, Ali Baba na Sindbad, na nyufa zinazorusha maji ni Baghdad, Cairo, Damascus na Alexandria.

Uhai katika giza la bahari hizo, wawezekana? Hapa duniani, mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, watafiti walikuta chemchemi za maji ya moto zimezungukwa na chaza, kaa na minyoo mirefu. Chakula cha huko huanzia kwa bakteria wanaoishi kwa kemikali za chemchemi, si mwanga.

Je, wajua Galileo na Cassini viliangamizwa makusudi? Vilitumbukizwa ndani ya sayari zao visije vikaangukia miezi hiyo na vijidudu vya kwetu. Ugundue uhai, kumbe umeubeba mwenyewe kutoka duniani: aibu iliyoje!

Ulaya imekwisha kutuma chombo Juice, Aprili 2023, kwenda Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Marekani ilirusha chombo Europa Clipper tarehe 14 Oktoba 2024, nacho kinatarajiwa kufika Aprili 2030 na kupita karibu na Europa mara 49. Hakitatua, hakitatoboa barafu, wala hakitafuti viumbe. Kinapima tu kama mahali panafaa kuishi. Anayetaka samaki asubiri chombo kingine.