NDIVA: BWAWA LILILOJENGA KIJIJI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Leo tutajifunza habari za kijiji cha wakulima katika milima ya Upare. Tutauliza swali moja tu: Ni kitu gani kinachofanya nyumba nyingi ziwe kijiji kimoja?

Twendeni Msangeni. Msangeni iko Ugweno, Upare ya Kaskazini, katika Wilaya ya Mwanga. Zamani Upare yote ilikuwa wilaya moja, na boma lake lilikuwa Same. Mwaka 1979 Mwanga ikawa wilaya ya peke yake. Ukisimama juu ya milima ya Ugweno utaliona Ziwa Jipe kule chini, na siku isiyo na mawingu utauona Mlima Kilimanjaro.

Tazama sasa tofauti ya nchi hii. Kule chini tambarare ni kukavu. Kuna miiba na vumbi. Huku juu kuna baridi, migomba, kahawa, mahindi na maharagwe. Ng'ombe hufungwa zizini, na majani yake hukatwa na kuletwa kichwani. Jioni nyumba nyingi hupika makande, yaani mahindi na maharagwe katika chungu kimoja.

Kwa nini wazee walikaa mlimani, mahali ambapo kila mzigo hupandishwa kwa taabu? Sababu ya kwanza ni mvua. Sababu ya pili ni usalama, maana katika karne ya 19 misafara ya watumwa na pembe ilipita bondeni, na vita vya kuteka ng'ombe vilikuwa vingi. Sababu ya tatu, hasa huku Ugweno, ni chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivuo, wakafua majembe na mikuki. Chuma hicho kiliuzwa mpaka Uchagani. Masimulizi ya wazee husema kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kwanza, kisha ukoo wa Wasuya ukawanyang'anya utawala.

Lakini mtu hali chuma. Mtu hula mahindi, na mahindi hutaka maji. Mvua za vuli na za masika zikikatika mapema, shamba hunyauka. Vijito vya mlimani havikauki upesi, lakini maji yake ni machache. Ukiyaacha maji machache yatiririke katika mfereji mrefu, yatanywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mbali. Basi Wapare walifanya nini?

Walichimba ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lenye ukuta wa mawe na udongo, lililojengwa juu ya mashamba. Jioni maji ya kijito huelekezwa ndani yake. Usiku kucha watu wamelala, maji yanakusanyika. Asubuhi mlango wa ndiva hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu, yakafika hata shamba la mwisho.

Tufanye hesabu. Andikeni. Tuseme kijito kinaingiza debe 1 la maji kila dakika. Tangu saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi ni saa 12, yaani dakika 720. Basi ndiva ina madebe 720. Asubuhi tukiyafungulia maji hayo yaishe katika saa 2, yaani dakika 120, tutapata madebe 6 kila dakika. Mmeona? Maji hayakuongezeka hata tone moja. Kilichoongezeka ni nguvu yake, kwa sababu yamekusanywa mahali pamoja.

Sasa fikiri vizuri. Ndiva haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kuijenga, wala hawezi kuondoa matope yote yanayoletwa na mvua. Kwa hiyo kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Siku ikitangazwa, kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe. Asiyekuja bila sababu hutozwa faini. Kisha kuna zamu: leo maji ni ya fulani, kesho ni ya jirani yake. Mwenye kuiba zamu ya maji ya mwenzake huleta ugomvi mkubwa kuliko mwizi wa kuku. Pia wazee waliitunza misitu ya koo, iliyoitwa mpungi, wakakataza watu wasikate miti ovyo humo. Ilikuwa mahali pa heshima na matambiko.

Jambo hili si la Upare peke yake. Iko nchi iitwayo Punjab, ambayo sehemu yake iko India na sehemu iko Pakistan. Jina hilo maana yake ni maji matano, yaani mito mitano. Huko nako wakulima wa ngano huishi kwa mifereji. Lakini mifereji mikubwa ya Punjab ilichimbwa na serikali ya Waingereza, hasa mwisho wa karne ya 19, na maafisa wa serikali ndio waliogawa maji. Ndiva za Upare zilichimbwa na wanavijiji wenyewe, na wenyewe walitunga sheria zake.

Je, desturi ya kufanya kazi pamoja ina faida gani nje ya shamba? Sikilizeni habari ya Mbiru.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilileta kodi mpya Upare, ikaitwa mbiru. Kodi hii iliongezwa juu ya kodi ya kawaida. Kila mtu alikadiriwa kwa mali yake: ng'ombe wangapi, kahawa kiasi gani, shamba kubwa au dogo. Watu walinung'unika. Waliuliza: Nani amehesabu mali yangu, na amehesabu kwa kipimo gani? Hawakupata jibu la kuwaridhisha.

Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, wakaenda Same, wakakaa karibu na boma. Hawakuanzisha vita. Walikaa tu, wakasema hawataki mbiru. Mambo yalipoendelea bila suluhu, wanawake wa Usangi nao waliinuka. Walimwambia afisa wa Kizungu amalize shauri hilo waume zao warudi nyumbani. Kama hataki, basi awe yeye mume wao wote! Kabla ya mwaka 1947 kwisha, kodi ya mbiru iliondolewa.

Angalieni, ndugu zangu. Mtu mmoja anayekataa kodi hufungwa. Maelfu waliokaa pamoja walisikilizwa. Ni kama yale madebe 720 yaliyokusanywa usiku.

Tumezijuaje habari hizi? Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyekuwa mwanahistoria, alikwenda kwa wazee, akawauliza, akaandika. Mwaka 1971 kitabu chake juu ya Mbiru kilitolewa. Kama asingeandika, mengi yangezikwa pamoja na wazee.

Na leo kuna hatari hiyo hiyo. Vijana wengi wa milimani wamekwenda mijini kutafuta kazi. Ndiva isiyozolewa matope hujaa udongo, na mwishowe huota majani. Zaidi ya hayo, sheria nyingi za zamu zilikaa vichwani mwa wazee. Mzee akifa, wajukuu wawili husimama mferejini, kila mmoja akisema, "Asubuhi hii maji ni yangu." Nani atawaamua?

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo kazi yako. Kabla ya somo lijalo, nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chako, mwanamume au mwanamke. Mwamkie kwa adabu, kisha muulize maswali haya, na majibu uyaandike katika daftari lako:

1. Ni nani waliochimba mfereji, kisima au bwawa la kijiji chetu?
2. Zamu za maji zinafuatana namna gani?
3. Asiyefika kwenye kazi ya pamoja hutozwa nini?
4. Ni jambo gani ambalo watu wa hapa walilipata kwa sababu walikuwa pamoja?

Andika jina la mzee na tarehe. Msomee ulichoandika, akusahihishe. Daftari hilo litunze mahali pakavu, maana siku ya ugomvi litakuwa shahidi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.