Tundu tano hazitoshi: kuchagua janti ya remoki

Kwenye garaji za Goma, Bukavu ao Butembo, remoki ndogo ikikosa gurudumu, mara nyingi watu wanatafuta janti ya gari ya zamani yenye tundu tano. Inaingia kwa nguvu, wanakaza, remoki inaondoka na mizigo. Hapo ndipo hatari inaanza.

Buloni ziko kwenye kitovu, ni kusema kile kipande cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Zimepangwa kwa mviringo, na upana wa ule mviringo ndio unapashwa kulingana na janti, si hesabu ya tundu peke yake. Remoki nyingi zilizotoka Ulaya ziko na buloni 5 kwenye mviringo wa milimetre 112. Janti nyingi za Toyota ziko na tundu 5 vilevile, lakini kwa milimetre 114,3. Tofauti ni milimetre 2,3 tu. Jicho haliwezi kuiona.

Ukilazimisha, buloni zinavutwa pembeni na ekru haikae vizuri kwenye tundu. Barabara ikitikisa, ekru inalegea, buloni inachoka, mwisho inakatika. Kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, gurudumu lililochomoka linaweza kumkuta mama anayepita kando ya barabara na mzigo mgongoni.

Namna ya kupima? Ikiwa buloni ni 4 ao 6, pima toka katikati ya moja mpaka katikati ya ile inayoielekea. Zikiwa 5, pima kati ya mbili zinazofuatana, kisha zidisha mara 1,7. Ukipata 65,8, mviringo ni 112. Ukipata 67,2, ni 114,3. Metre ya fundi wa nguo haitoshi hapa. Inaomba kipimo cha chuma cha mafundi.

Ekru nazo zinadanganya. Nyingi za Toyota na za Nissan ni za milimetre 12, lakini meno yake hayafanane: 1,5 na 1,25. Zungusha kwanza kwa vidole. Ikikwama mapema, usiilazimishe na ufunguo.

Kisha kaza kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana. Ukisafiri kama kilometre 50, simama, kaza tena. Na janti isiyolingana, hata ikiwa ya bei nafuu, irudishe kwa muuzaji.