Diploma ya ustawi wa jamii isiishie mlangoni mwa chuo kikuu

Tarehe 15 Mei 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Katika mitaa ya Kigoma na Ujiji, Rusimbi ikiwemo, dagaa na migebuka si kitoweo tu. Ni sare za shule, kodi ya chumba na fedha ya matibabu. Miezi mitatu ya namna hiyo hufika hadi kwenye meza ya afisa ustawi wa jamii. Baba aliyekuwa akitoa matunzo ya mtoto kila giza la mwezi linapopita sasa hana cha kutoa, na mama naye hawezi kumwambia mtoto asubiri Agosti ndipo ale.

Hapo kazi ndipo inapoanza. Afisa huwasikiliza wazazi wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Hufika nyumbani akaona mtoto analala wapi na anakula nini. Humuuliza mwalimu kuhusu mahudhurio, na mwenyekiti wa mtaa kama ugomvi huo ni wa jana au wa miaka. Shauri likifika mahakamani, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairuhusu mahakama imtake afisa huyo aandike ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla haijaamua juu ya malezi au matunzo. Kurasa chache za ripoti hiyo zinaweza kuamua mtoto atakulia kwa nani.

Anayeifanya kazi hii anaweza kuwa na digrii, au akawa na diploma na uzoefu wa miaka mingi. Mwananchi aliyekaa kwenye benchi la nje hajui tofauti hiyo. Utumishi wa umma unaijua: mwenye digrii huajiriwa kama afisa, mwenye diploma kama msaidizi, na mshahara, madaraka na nafasi ya kupanda hufuata humo humo. Ndiyo maana wenye diploma wengi hutamani kurudi shule. Suala linalohitaji kutazamwa kwa makini ni wanachokutana nacho wakirudi.

Mafunzo ya taaluma hii nchini yana historia ndefu. Chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kutoa mafunzo ya ustawi wa jamii ndicho leo kinachojulikana kama Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi sifa yake kubwa ilikuwa stashahada ya juu. Baadaye ikaanza kutoa shahada. Vyuo vingine vikafuata, vya serikali na vya binafsi, na leo mtu anaweza kusoma ustawi wa jamii katika ngazi ya cheti, diploma na digrii.

Ngazi hizo zimepangwa katika mfumo wa tuzo za taifa za ufundi (NTA), unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Ngazi ya 4 na ya 5 ni za cheti, ya 6 ni diploma, ya 7 ni stashahada ya juu, na ya 8 ni shahada ya kwanza. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Mwenye diploma anayetaka kuingia chuo kikuu hupita kwenye kigezo cha TCU cha sifa linganishi: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne na, kwa diploma za mfumo wa NTA, GPA isiyopungua 3.0. Mwaka 2016 kigezo hicho kilipandishwa hadi 3.5 kabla ya kurudishwa 3.0, na kila chuo kinaweza kuongeza masharti yake.

Kwa hiyo mlango upo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuutambua mzigo wa elimu ambao mwanafunzi anaingia nao. Kwa kawaida mwenye diploma ya ustawi wa jamii huanza mwaka wa kwanza wa digrii, darasa moja na kijana aliyetoka kidato cha sita jana. Wote wawili hufundishwa utangulizi wa ustawi wa jamii, maadili ya taaluma na namna ya kufanya mahojiano na mteja. Mmoja anayasikia kwa mara ya kwanza. Mwenzake alishayasoma, akayafanyia mtihani, akayatumia fildi, na pengine ameyafanya kazini kwa miaka.

Hesabu ya marudio hayo inaonekana wazi. Krediti moja huhesabiwa kuwa sawa na saa kumi za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani saa 3,600. Chuo kikikubali kuhamisha krediti 60 tu kutoka diploma, mwanafunzi anaokoa saa 600, sawa na muhula mzima. Kwa mtumishi anayejilipia ada na kusomesha watoto, muhula mmoja ni fedha nyingi. Kwa halmashauri iliyompa ruhusa ya masomo, ni miezi ambayo dawati lake lingekuwa na mtu.

Nchi nyingine zimeshalishughulikia jambo hili. Marekani, mwenye shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii kutoka programu iliyothibitishwa anaweza kupokelewa katika shahada ya uzamili kwa utaratibu maalumu na kuimaliza kwa takriban mwaka mmoja badala ya miwili, kwa sababu misingi ameshaisoma. Jimbo la Ontario, Canada, liliunda mwaka 2011 baraza la kushughulikia uhamishaji wa masomo kati ya vyuo vya kati na vyuo vikuu. Hapa Afrika Mashariki, mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2015, na moja ya makusudio yake ni kurahisisha utambuzi wa masomo kutoka chuo hadi chuo na nchi hadi nchi.

Njia ya kweli ya uhamisho huanza mezani, mitaala miwili ikiwa imefunguliwa. Chukua somo la kazi na mtu mmoja mmoja. Wahadhiri wa pande mbili hulinganisha mada, saa za darasani, aina ya mitihani na kina cha kazi anazopewa mwanafunzi. Wakikuta somo la diploma linafikia kile kinachotakiwa mwaka wa kwanza wa digrii, linahamishwa. Likifikia nusu, mwanafunzi hupewa somo fupi la kuziba pengo. Lisipofikia, anasoma upya. Matokeo huandikwa kwenye jedwali, hutiwa saini na vyuo vyote viwili, na hutangazwa, ili mwombaji ajue kabla ya kulipa ada ni masomo gani yatahesabiwa. Pasipo jedwali hilo, kila mwombaji hubaki kutegemea uamuzi wa ofisi moja kwa siku moja.

Tahadhari inahitajika pia. Diploma na digrii si kitu kimoja, na krediti za ngazi ya 6 haziwezi kuhamishwa zote. Digrii ina utafiti, nadharia kwa kina, uchambuzi wa sera na usimamizi wa watumishi wengine. Mambo hayo hayapatikani kwa kukaa ofisini miaka kumi. Anayeyaruka, upungufu wake utaonekana siku atakapotakiwa kumsimamia mwenzake katika shauri la ukatili. Ubora wa diploma zenyewe nao hutofautiana, na ndiyo sababu ulinganishaji ufanywe somo kwa somo, usiwe punguzo la jumla kwa kila mwenye diploma.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya pekee ya kulipigania jambo hili. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 baada ya machafuko ya Burundi. Kazi za huko ni pamoja na kuwatafutia ndugu watoto waliopotezana na familia zao, kuwapatia malezi ya muda na kupima maslahi ya mtoto kabla hajarudishwa kwao. Mwenye diploma aliyefanya kazi kama hizo anabeba ujuzi ambao wahadhiri wengi hawana. Kumbukumbu zake za kazi, zikithibitishwa na msimamizi, zinastahili kupimwa na kuhesabiwa katika sehemu ya mafunzo kwa vitendo.

Tena njia hii haihitaji kumhamisha mtu kutoka Rusimbi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Kigoma na hufundisha shahada ya ustawi wa jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii inafundisha diploma na digrii chini ya paa moja. Vyuo hivyo viwili, vikishirikiana na TCU na NACTVET, vina kila kitu cha kuanzia. Jedwali la kwanza linaweza kuwa la masomo manne au matano tu. Waajiri nao waahidi mapema lini mtumishi atakayehitimu atabadilishiwa kada, maana digrii isiyobadilisha kada humvunja moyo aliyeitafuta kwa shida.

Kwa msomaji mwenye diploma anayepanga kuomba mwaka huu: tunza mihtasari ya kila somo ulilosoma, matokeo yako ya kila muhula na kitabu cha fildi chenye saini ya msimamizi. Unapoomba nafasi, uliza kwa maandishi ni masomo gani chuo kitayatambua, na udai jibu la maandishi. Vyuo vitaanza kuandaa majedwali haya vikiona waombaji wanayauliza.