Sura ya Sita: Pa Kuzeekea

Kwa aliyejaliwa umri, kustaafu huwa na vipindi viwili. Cha kwanza ni cha miguu yenye nguvu: mtu anaamka alfajiri, anakagua minazi yake, anapanda bodaboda kwenda sokoni, anasafiri hadi Morogoro kwenye harusi na kurudi. Cha pili ni cha magoti, macho, presha na sukari. Kosa kubwa ninaloliona kwa wastaafu wetu ni kuchagua mahali kwa ajili ya kipindi cha kwanza tu. Kiwanja kinanunuliwa kwa upepo wake mzuri, na hakuna anayeuliza namna ya kufika hospitali usiku wa masika, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Kosa hilo ni ghali kwa sababu ya namna fedha yenyewe inavyokuja. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na walio wengi hulazimika kuondoka wakifika 60. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na baadaye Serikali ikaja kuyaongeza, lakini bado sehemu kubwa ya mafao huja kidogo kidogo kama pensheni ya kila mwezi. Mkupuo ndio hununua kiwanja na kumwaga zege. Ukishaisha, pensheni ya mwezi haiwezi kujenga nyumba ya pili mahali pengine. Kwa hiyo uamuzi wa mahali kwa watu wengi hufanyika mara moja tu.

Nitautumia Mkoa wa Tanga kama mfano, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila aina ya mahali ambapo mstaafu hupatamani: mji wa bandari, mji mdogo wa pwani, vijiji vya minazi na mkonge, na milima ya Usambara.

Tuanze na Pangani, yapata kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga. Ni mji mkongwe kwenye mlango wa mto, majumba ya mawe upande mmoja, na upande wa pili Bweni. Anayekwenda kutembea huko mwezi wa Agosti, kusi likivuma, hurudi ameshaanza kuulizia viwanja, wala simlaumu. Lakini bahari ya Pangani ina historia yake. Mkabala na mji huo kilikuwako kisiwa cha Maziwe, kisiwa chenye miti, ambako kasa walipanda kutaga mayai. Bahari ilikimega mwaka hadi mwaka, na kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Wazee wa Pangani waliokikanyaga kikiwa na miti hawahitaji kuelezwa mmomonyoko ni kitu gani.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali atakuonyesha kiwanja maji yakiwa yamekupwa, pwani ikiwa pana kama uwanja wa mpira. Mshukuru, kisha urudi peke yako siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Ukiweza, ngoja bamvua la Machi au la Septemba, ambayo kwa kawaida ndiyo makubwa kuliko yote katika mwaka. Tazama maji yanapoishia, anza kuhesabu mita 60 kutoka hapo, ndipo ujue umeuziwa nini.

Hata aliyejenga nyuma ya mstari huo anaishi na chumvi. Upepo huibeba hadi kwenye mabati, bawaba, nyaya na feni, na kutu huanza mapema kuliko ulivyozoea Dodoma au Mbeya. Hatari zaidi ni mchanga wa ufukweni ukitumiwa kwenye zege. Fundi hupenda kuuchota kwa kuwa uko karibu na haugharimu kitu, lakini chumvi yake huila nondo kwa ndani, na baada ya miaka zege hupasuka na kumeguka. Lipia mchanga wa mtoni, uwepo unaposhushwa, na usiruhusu mwingine uingie usiku.

Kisha kuna maji. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukivuta mengi kwa pampu, au mvua ikichelewa, ya chumvi hupanda. Kisima kilichotoa maji matamu mwezi Mei kinaweza kukausha mchicha wako mwezi Februari. Basi onja maji mwishoni mwa kiangazi, kabla ya masika, na uonje ya kisima cha jirani pia.

Wanaokimbia joto hupanda Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona, na mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mboga ni tele, peasi zinastawi, na malaria ni haba kuliko pwani kwa kuwa baridi huchelewesha ukuaji wa mbu na wa vimelea anavyovibeba. Kwa mtu mwenye mapafu mazuri na magoti mazima ni neema. Lakini viwanja vingi viko kwenye mteremko, Juni na Julai baridi huamsha maumivu ya viungo, na mvua kubwa inaweza kuporomosha udongo barabarani. Barabara hiyo ndiyo utakayoteremshwa nayo siku utakapohitaji daktari bingwa.

Chaguo langu kwa wengi ni lile ambalo halipigwi picha: Tanga mjini, au pembezoni mwake kama Pongwe, kwenye barabara ya Muheza. Mji ni tambarare, na mtu wa miaka 70 bado anauzunguka kwa baiskeli. Mitaa ya Ngamiani ina barabara zenye namba, hivyo hata mjukuu mgeni hapotei. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mjini hapo hapo. Nenda uulize kama wanapokea kadi yako ya bima, kama dawa zako za kila mwezi hupatikana, na kama mwenye figo dhaifu hutibiwa pale au husafirishwa. Anayetaka shamba anaweza kuwa nalo kijijini na kulala mjini.

Ukiamua kijiji, ujue ardhi yake inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano, bila muhtasari wa vikao hivyo, ni mwanzo wa kesi. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi wa kiwanja kabla hujatoa hata shilingi.

Na kabla ya yote hayo, panga nyumba huko kuanzia Machi hadi Mei. Masika yatakuonyesha barabara, umeme, mbu na majirani. Nenda kwenye misiba, uliza kama mtaa una chama cha kufa na kuzikana, na kama mgeni anapokelewa. Mtu asiyejulikana akiugua, mlango wake unaweza kukaa siku mbili bila kugongwa.

Jambo la mwisho huachwa kwa sababu watu huona haya kulizungumza. Mara nyingi mume hurudi kwao, na mke anafuata. Mume akitangulia, mama wa Kichaga au wa Kihaya hubaki peke yake kwenye kijiji cha pwani, katikati ya ndugu wa marehemu, akiwa na umri wa miaka 68 na nyumba asiyojua hatima yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini ulinzi huo ni wa wakati wote wawili wakiwa hai. Hati iandikwe kwa majina yote mawili, wosia uandikwe mapema, na mama mwenyewe akakae huko kwa miezi kadhaa kabla kiwanja hakijalipiwa. Akirudi akasema hapana, tafuteni pengine.